Shangazi Niliyemuua Siku ya Intavyu

Wiki mbili kabla sijakabidhi funguo za karakana yetu ya vifaa vya hospitali, Lavender alisimama mlangoni mwangu. Alikuwa amevaa blauzi iliyopigwa pasi mpaka mikononi, viatu vya kung'aa, na kwapani alikuwa na bahasha ya kaki. Akaniambia nyanya yake amefariki na anaomba ruhusa atoke saa nne. Nikampa pole. Kisha nikamwuliza boma liko upande gani, ili mimi na wenzake tufunge karakana tumfuate tukaomboleze naye. Lavender akaketi kwenye stuli ya wageni.

"Madam," akasema, "nyanya hana shida. Ni intavyu."

Nilimpa ruhusa na nauli ya boda, nikamwongezea maneno mawili kuhusu kuketi wima. Wenzake walicheka wiki nzima, wakataka kujua nilijuaje. Niliwaahidi kwamba nikistaafu nitawaandikia, na sasa nimestaafu, nina meza, na hakuna anayeniita kuangalia mashine ya oksijeni. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Zimo kwenye faili na hazina utamu. Nitaeleza jinsi nilivyotafuta kazi hii nikiwa na kazi nyingine, na nani alikufa katika shughuli hiyo.

Nilianzia Migori, kwa Mzee Marwa, fundi wa kusuka mota. Nieleze kwa ajili ya nyinyi mliozaliwa wakati wa kununua mpya. Mota ya posho mill, ile mashine ya kusaga unga, au ya pampu ikiungua, unazitoa nyaya zake za shaba, unahesabu mizunguko, unasuka nyaya mpya mizunguko ileile, unapaka vanishi, unaikausha. Ukikosea hesabu, mwenye mota anarudi nayo siku ya tatu akiwa na sauti kubwa. Mzee Marwa alikuwa Mkuria mrefu, mpole, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na hakuwahi kupandisha sauti kwa mteja wala kwa mota.

Siku yangu ya kwanza sikushika hata bisibisi. Nilitoka polytechnic na cheti changu, nikitegemea kupewa kazi ya maana. Mzee akapanga mota saba sakafuni, akaniambia niziinamie moja moja nizinuse. Asubuhi nzima nilikuwa nimepiga magoti nikinusa vyuma. Mteja mmoja alipita akamwuliza Mzee huyu msichana amefanya kosa gani. Mzee akamjibu kwamba anasoma. Kufikia saa sita nilikuwa ninajua mota iliyoungua nyaya inavyonuka, na iliyoharibika kwa nje tu isivyonuka. "Nusa kwanza," aliniambia. "Halafu mita. Bisibisi iko hapo, haiendi mahali." Kila mmoja wenu amenusa mota mbele yangu, na kila mmoja alinitazama kama nimechanganyikiwa. Sasa mnajua lawama muipeleke wapi.

Kazi niliipenda. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa na mtoto, Atieno, wa miaka miwili, na alikuwa Kisegi kwa shangazi yangu, Waya Trufosa, yaani Shangazi Trufosa kwa Kijaluo, dada ya baba. Migori nilikuwa nimepanga chumba kimoja na wasichana wengine wawili, kitanda changu kikiwa nyuma ya pazia, na mwenye nyumba alikuwa ametamka wazi kwamba hataki kilio cha mtoto. Kwa hiyo nilimwona mwanangu mara moja kwa mwezi. Kila nilipofika alijificha nyuma ya gauni la Waya mpaka nimalize chai. Hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Wenzangu wa karakana sikuwaambia kwamba nina mtoto, kwa sababu ningeulizwa na baba yake yuko wapi, na jibu la swali hilo sikuwa nalo.

Ndipo nikasikia kwamba hospitali hii ya misheni, huku Homa Bay, inatafuta fundi wa umeme, na kwamba mfanyakazi anapewa nyumba ndani ya ua. Nyumba. Nililala na neno hilo.

Sasa shida ikawa muda. Mzee Marwa alikuwa Msabato. Karakana ilifanya kazi kuanzia Jumapili asubuhi mpaka Ijumaa, na Jumamosi ilikuwa Sabato, kufuli mlangoni. Siku yangu ya mapumziko ndiyo siku ambayo hakuna ofisi inayofunguliwa. Siku ambazo ofisi zinafunguliwa, mimi nilikuwa na vanishi mpaka kwenye viwiko. Lakini Ijumaa Mzee alifunga saa tisa, ili afike nyumbani aoge kabla jua halijatua, na ofisi za mjini zilifungwa saa kumi na moja. Masaa hayo mawili ndiyo yalikuwa ofisi yangu ya kutafuta kazi. Saa tisa na dakika tano nilikuwa nimenawa mikono kwa mafuta ya taa. Ijumaa ya kwanza nilipiga chapa barua, ya pili nikatoa kopi za vyeti, ya tatu nikazipeleka kwa karani akazigonge muhuri, ya nne posta. Barua moja ilinichukua mwezi mzima. Nyinyi hutuma tano mkiwa kwenye foleni ya chai, na bado mnalalamika hamna muda.

Sikuandika maombi hata siku moja saa za Mzee. Hilo ninajivunia mpaka leo, na ni vizuri nilitaje mapema, kwa sababu kinachofuata hakina cha kujivunia.

Anwani niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, sanduku la posta la karakana. Mzee ndiye aliyelifungua, na barua za kila mtu aliziweka juu ya benchi lake. Jumatatu moja nikakuta bahasha yangu pale, imefungwa vilevile, na kwenye kona ina msalaba mdogo wa bluu uliopigwa chapa. Niliificha upesi. Mzee alikuwa akihesabu mizunguko na hakuinua kichwa, nami nikajiambia kwamba hakuona. Niliitwa intavyu Jumatano ya wiki hiyohiyo, saa nne asubuhi.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nililifikiria jambo hilo Jumatatu yote na nusu ya Jumanne. Kulikuwa na mota mbili za posho mill zikisubiriwa, na niliogopa akisema hapana nitakuwa nimepoteza intavyu, na akisema ndiyo halafu nisipate, nitakuwa nimepoteza uso. Jioni ya Jumanne nikamwendea.

"Mzee, nimefiwa."

Akaweka koleo chini, akavua kofia. "Pole sana, Awuor. Na nani?"

Ningeweza kubuni mtu. Lakini mimi nimezoea kufuata mizunguko iliyopo, sina haraka ya kubuni. "Dada ya baba," nikasema. "Waya Trufosa. Anakaa Kisegi, karibu na soko." Nikaongeza kwamba mazishi hayajapangwa, kwamba kesho naenda kwa kikao cha familia tu, na Alhamisi nitarudi kazini. Kwetu watu huzikwa Ijumaa au Jumamosi, kwa hiyo hesabu yangu ilikaa vizuri. Niliona nimeisuka vizuri kuliko mota yoyote.

"Enda," akasema. "Enda ukae na watu yako."

Jumatano saa nne nilikuwa mbele ya Sista msimamizi, mama mfupi mwenye miwani, ambaye hakuniuliza swali hata moja la vyeti. Alinipeleka kwenye meza ambapo palikuwa na mashine ya kufyonza damu wakati wa upasuaji. "Hii inanguruma lakini haizunguki," akasema. "Fundi wawili wamesema mota imekufa."

Nikainama nikainusa. Sista akashangaa, akaangalia mlango. Haikunuka kitu. Nikaiwasha, ikanguruma, nikaisukuma feni yake kwa kijiti cha kalamu, ikashika ikazunguka vizuri. Basi mota ilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa kapasita, kile kikopo kidogo cha kuipa mota nguvu ya kuanza, na hicho kinauzwa madukani. Nilimweleza hivyo, nikazima.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Mzee Marwa wa Migori."

"Basi mashine umeiona. Sasa mimi nataka kujua mtu. Niletee barua ya Mzee huyo kabla ya wiki mbili kwisha. Bila barua ya mwajiri siwezi kukupa nyumba katika ua wangu."

Nilitoka nikiwa na kazi nusu. Nusu ile nyingine ilikuwa kwa mtu niliyemdanganya jana yake. Hata hivyo njiani nilijipa moyo. Ningeomboleza siku chache, nizike, kisha niombe barua nikiwa na uso wa huzuni. Nilikuwa kijana, na mpango huo niliuona mzuri.

Alhamisi nilifika mapema. Mzee Marwa alikuwa tayari benchini, na mwenzangu Mwita alikuwa kando akijifanya anatafuta spana. Juu ya mahali pangu pa kazi palikuwa na kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta.

"Ni nini?" nikauliza.

"Ni samaki," Mzee akasema. "Marehemu amekutumia."

Mwita akatoka nje kucheka. Mimi nilishika ukingo wa benchi.

Nilichosahau, mimi niliyekula chumvi ya mtu huyo mwaka mzima, ni kwamba huku kwetu mfanyakazi akifiwa, kazi inafungwa. Jumatano asubuhi Mzee aliziacha zile mota mbili, akanunua sukari, majani ya chai na mikate, akapakia mafundi kwenye pikapu, wakaenda Kisegi kuomboleza nami. Sokoni wakasimama wakauliza boma la marehemu Trufosa ni lipi. Wanawake waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, wakaacha kila kitu wakaanza kulia. Pikapu ikaingia bomani ikifuatwa na soko nusu, na mlangoni, kwenye kiti chake cha mbao, alikuwa ameketi Waya Trufosa akichambua mboga, mtoto mgongoni.

Mzee akavua kofia akauliza kwa heshima kama hapa ndipo kwa marehemu Trufosa. Waya akamtazama, akautazama mkate, akaelewa kila kitu mara moja. Ndivyo alivyokuwa.

"Ni mimi marehemu," akasema. "Karibuni mukae. Mungojee maji ichemke."

Akawapikia samaki. Wakala, wakaomba, wakaondoka.

Mzee alinieleza hayo yote bila kuinua sauti, akiendelea kuzungusha shaba. Nikamwambia ninajua nimefukuzwa kazi.

"Ile barua na msalaba," akasema, "ni mimi niliibeba kutoka posta. Nilijua unatafuta kazi. Mtu kutafuta kazi si makosa. Nikangoja uniambie, ningekupa hiyo Jumatano na nauli. Wewe ukaniambia kifo."

"Kama ulijua, Mzee, kwa nini ulienda?"

Akasimamisha mkono. "Mtu akiniambia kifo siulizi. Naenda. Siku nitaanza kuuliza, mwenye amefiwa kweli atalia peke yake."

Nililia palepale, pua karibu na vanishi, na hakuniambia ninyamaze. Baada ya muda akauliza, "Intavyu ilikuwa aje?" Nikamweleza habari ya mashine.

"Ulinusa kwanza?"

"Nilinusa."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha akauliza polepole, "Na yule mtoto mwenye sura yako?" Nikamweleza hilo pia, na habari ya nyumba, na kwamba bila barua yake sipati.

"Kwanza enda ufufue mtu," akasema. "Barua tutaona."

Jumamosi nikaenda Kisegi. Habari ilikuwa imesambaa mpaka vijiji vya ng'ambo. Jamaa wawili walikuwa wamefika na mikeka yao, na mwalimu wa kwaya alikuwa ameanza kuchagua nyimbo. Waya Trufosa hakunipiga wala kunikemea. Alifunga kitambaa chake cha kanisani.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "wewe ndio uliniua. Wewe ndio utanifufua. Twende."

Tulipita boma kwa boma tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kutua. Kila mlango alisimama kando yangu amenyooka, nami nikasema, "Huyu ni Waya Trufosa, yuko hai, nilidanganya kwa ajili ya kazi." Kila mlango tulipewa chai, na kila mlango mtu alitaka hadithi yote tangu mwanzo. Sokoni alinifanya niseme mara mbili, kwa sababu wauza omena wa upande wa pili hawakusikia. Nimeeleza hitilafu za mashine mbele ya madaktari wakubwa, na hakuna aliyewahi kunitoa jasho kama wale mama. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza kama kazi nitapata. Nikamwambia inategemea barua. "Atakuandikia," akasema. "Yule mtu alikula samaki yangu akamshika mtoto mkono. Lakini usikimbilie kunipokonya huyu. Unizoeshe polepole."

Jumapili nilimsimulia Mzee jinsi tulivyopita boma kwa boma, naye akanipa barua, bahasha wazi, nisome mbele yake. Ilikuwa na mistari michache kwa mwandiko wake uliosimama wima. Ilisema ninajua mota, sivunji vitu, ninafika mapema, na sijawahi kufanya kazi yangu binafsi kwa saa zake. Mstari wa mwisho ulisema: Amenidanganya mara moja, kwa jambo kubwa, na amelirekebisha kwa miguu yake.

"Mzee," nikasema, "huu mstari hawa masista..."

"Siandikangi barua nusu," akajibu, akarudi kazini.

Ijumaa saa tisa nilikuwa nimenawa mikono. Nilimwomba Mzee ruhusa ya Jumatatu, kwa kusema wazi ninakwenda wapi, na akasema enda. Njia nzima niliishika barua ile nikifikiria kuukata mstari wa mwisho kwa mkasi. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kutosha, mtu asingegundua. Sikuukata, na sitasema ni kwa sababu ya wema. Niliogopa Mzee atakuja kuuliza.

Sista aliisoma mara mbili. "Uongo gani?" akauliza.

Nikamweleza, sasa nikiwa na mazoezi ya kutosha. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Na shangazi hajambo?"

"Hajambo, Sista."

"Umlete siku moja nimwone." Akafungua droo, akatoa ufunguo wa nyumba.

Miaka iliyofuata mnaijua, maana mingi yake tulikuwa pamoja: gari la chanjo lililokwama, jenereta lililokataa katikati ya upasuaji, mashine za kupimia damu zilizokuja bila vitabu. Nilipopewa karakana niisimamie, nilianzisha jambo moja tu la kwangu. Kila fundi mpya nilimwambia siku ya kwanza, baada ya kunusa, kwamba akitafuta kazi kwingine aniambie, nami nitampa siku. Wengi waliniambia. Wengine waliondoka, wengine walirudi kutoka intavyu wakaendelea kukaa. Na wale wanaojibu simu za waajiri wakiwa chooni, ukuta ule ni wa mbao. Lavender, tulisikia mpaka ulivyotaja udhaifu wako mkubwa kuwa ni kufanya kazi kupita kiasi.

Mzee Marwa aliendelea kuwa mtu wangu. Kila tulipokutana au kupigiana simu, kabla ya salamu nyingine, aliuliza, "Marehemu hajambo?" Nami nilijibu, "Hajambo, anakusalimia." Waya naye alilipenda jina hilo. Siku za sikukuu alimtumia samaki, na akiwa mzee wa kutembelea fimbo aliwaambia wageni kwamba yeye amewahi kufa, na kwamba mikate ilikuwa mizuri.

Alifariki mwaka juzi, kitandani kwake, Atieno akiwa kando. Niliwapigia jamaa wote simu, mmoja mmoja, na Mzee Marwa nikamwacha mwisho. Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu. Alikuwa amezeeka, karakana amemwachia Mwita, na safari ya kutoka Migori si ndogo. Lakini kilichonizuia ni kwamba niliogopa ataniuliza kama ni kweli, na angekuwa na haki ya kuuliza.

Akapokea mwenyewe. "Awuor. Marehemu hajambo?"

"Mzee," nikasema, "nimefiwa. Ni Waya."

Nilisikia akimwambia mtu azime redio.

"Pole sana," akasema. "Tunakuja."

Hakuuliza kitu kingine. Kesho yake asubuhi pikapu iliingia bomani, Mwita akiendesha, mafundi nyuma na sukari, majani ya chai na mikate. Mzee aliteremshwa taratibu. Nilimwendea, akanipa mkono, lakini hakusimama nami. Alipita mpaka mlangoni, penye kile kiti cha mbao ambacho hakuna aliyekuwa amethubutu kukisogeza, akavua kofia.

"Mama Trufosa," akasema, "nimefika."

Katika miaka ile yote sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Atieno akamletea kiti, akaketi, na sisi tukaweka maji jikoni.